Kiti cha Nyuma Kushoto

Kwanza tuelewane. Gari ni langu. Nimelinunua mimi, kwa hela yangu, na kadi ina jina langu, si la marehemu mume wangu, si la kaka, si la mwanaume yeyote aliyejificha nyuma ya pazia. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Mwanza nimelisema mpaka koo limekauka, na bado kuna watu wakiniona kwenye usukani wanainama kuchungulia kiti cha nyuma, wanamtafuta mwenye mali.

Nilikuwa dereva. Sioni haya kulisema. Nimewaendesha mabosi wa kampuni moja ya mjini tangu nikiwa msichana mwembamba ambaye trafiki walimsimamisha ili wahakikishe tu kama miguu yake inafika kwenye pedeli, mpaka nikastaafu na miwani yangu na magoti yanayolia. Mabosi walikuja wakaondoka, magari yalibadilishwa, mimi nikabaki. Na bosi, wa huku kwetu angalau, anakaa nyuma kushoto. Hapo ndipo mlango unapofunguliwa, hapo ndipo linapowekwa gazeti na chupa ya maji. Kiti hicho nilikifuta vumbi kila asubuhi na nilikuwa nakiona kwenye kioo siku nzima. Kukikalia? Thubutu!

Sasa kuna jambo inabidi niwaambie, maana bila hilo mtadhani nilinunua gari kwa kuvimba kichwa.

Nina kaka mmoja, mkubwa kwangu, ndiye aliyebaki kuwa baba wa familia baada ya wazee wetu kutangulia. Ni msomi, anakaa Nyegezi, ana ofisi yenye zulia. Miaka ile alipopandishwa cheo aliandaa sherehe ya shukrani kwenye ukumbi mmoja kando ya ziwa, akamwalika na bosi wangu. Mimi pia nilialikwa, dada mtu, nikashona nguo mpya ya kitenge. Kwa hiyo nilifika nikiwa watu wawili: dada wa mwenye sherehe, na dereva wa mgeni wake. Nikamfungulia bosi mlango, nikaenda kuegesha, nikajifuta vumbi la viatu, nikarudi mlangoni. Jamaa wa mapokezi akaninyooshea kidole kuelekea uani.

"Madereva, chakula chenu kule nyuma, jikoni."

Nikamwambia mimi ni dada yake mwenye sherehe. Akacheka, alidhani natania. Na kaka alikuwa amesimama palepale, ningenyoosha mkono ningemgusa koti. Aliniona. Macho yetu yalikutana, naapa. Maneno yaliyotakiwa ni machache: huyu ni dada yangu. Basi. Badala yake akageuka, akaenda kumshika bosi wangu mkono kwa mikono yake miwili.

Nikala jikoni, nimekalia kreti la soda. Msinielewe vibaya. Pilau la jikoni lilikuwa na nyama nyingi kuliko la ukumbini, na madereva ni watu wangu, tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Sikuona aibu kukaa nao hata chembe. Kilichoniuma ni kaka. Kiliniuma siku ile, kikaendelea kuniuma, na sikumwambia mtu.

Basi nikastaafu. Nilikuwa na kiwanja Igoma, nilikinunua wakati kule bado ni vichaka na mawe matupu, watu wakanicheka kwamba nimewanunulia fisi makazi. Barabara ya Musoma ikachangamka, wakaja mafundi wa kuchomelea, wakaja wenye maduka ya vipuri, na mwisho akaja mtu anatafuta pa kujenga ghala. Nikamuuzia. Nyumba ya kukaa ninayo, Buzuruga, na wapangaji wawili uani. Mwanangu ameshaoa, anajitegemea. Sikuwa na njaa, sikuwa na deni, nilikuwa na hamu yangu ya siku nyingi.

Habari zikamfikia kaka kabla hela haijapoa. Akaniita Nyegezi, nikakaa sebuleni kwake, yeye na wifi yangu wamenikabili kama wanaoniposa. Kaka akaanza kunipangia. Nunua bajaji za biashara. Ongeza vyumba vya wapangaji. Nunua ng'ombe tuwapeleke kijijini, mtoto wa baba mdogo atawachunga. Nikamsikiliza mpaka mwisho, ni mkubwa wangu.

"Kaka, nimesikia. Mimi nanunua gari."

"La mzigo?"

"La kukaa. Gari la chini, kubwa, jeusi, refu. Lile la kifahari lenye viti vya ngozi."

Kaka akavua miwani. Wifi ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akashika kifua. "Wifi jamani! Unatafuta gari au unatafuta mume?"

"Mume nilishakuwa naye, wifi. Hakuwa na kiyoyozi."

Hata kaka alitaka kucheka, nilimwona, akajizuia. Akaniambia kwa sauti ile ya ofisini kwamba gari kama lile ni la watu fulani. Kwamba watu watanishangaa. Kwamba barabara ya kwangu Buzuruga ina mawe na gari la chini litakaa juu ya jiwe kama kuku anayeatamia. Hapo kwenye mawe hakukosea, mji wetu Mungu aliujenga kwa mawe na hakuuliza mtu. Lakini hilo la watu fulani ndilo lililonipandisha hasira. Nikamuuliza, "Watu gani hao, kaka?" Akarudisha miwani usoni. Nikaaga, nikaondoka.

Gari lilikuwa kwenye yadi moja, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeliona wiki nyingi kabla, limeegeshwa nyuma ya magari ya juu yanayopendwa siku hizi, linang'aa peke yake. Lilikuwa karibu jipya kabisa. Habari zake ni kwamba mfanyabiashara mmoja wa mjini, watu wa maduka ya tangu enzi za babu zao, alimwagizia baba yake mzazi. Mzee alilitazama mara moja akasema kitanda hicho ni cha kumpeleka makaburini na yeye bado yupo yupo. Likarudishwa kuuzwa. Nailoni ya kiwandani ilikuwa bado imefunika viti vya nyuma, hakuna mtu aliyewahi kukaa huko.

Nikaenda nimevaa kawaida, sketi yangu na malapa. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, kajipulizia manukato. Nikaomba kulijaribu. Akanitazama nilivyorekebisha kiti na vioo, akajua mara moja kazi yangu, na ndipo alipokosea. Tulizunguka nalo mpaka karibu na Buzuruga na kurudi, usukani mwepesi, breki zinashika bila kelele, ziwa linapita upande wa pili tulivu. Tuliporudi aliniinamia dirishani, akanong'ona.

"Dada, umelipenda, nimeona. Sasa mlete mzee mwenyewe aje alione. Akilichukua, na wewe kuna chako hapa, sitakusahau."

Kwa wasiojua, hiyo ndiyo desturi ya yadi. Dereva akimleta bosi kununua gari, muuzaji anamkatia kidogo pembeni. Nimewahi kukipokea hicho kidogo, sitadanganya.

Nikamuuliza, "Changu ni kiasi gani?"

Akakitaja. Kilikuwa kizuri.

"Basi hicho changu kipunguze kwenye bei. Mzee ni mimi."

Hee! Mngeuona ule uso. Akacheka, akaacha, akatazama getini kama kuna mtu anakuja, akanitazama malapa. Akauliza, mimi ni dereva wa nani vile? Nikamwambia nimestaafu kuwa wa mtu. Tulivutana mpaka jua likahama, na alijitahidi kulikana neno lake, lakini nilikuwa nimeshamshika. Akapunguza bei. Na aliponikabidhi ufunguo aliniita bosi, nikamwambia aniite mama, inatosha.

Mnadhani basi ikaisha? Ndiyo kwanza ikaanza.

Siku ya kwanza jirani yangu alikuja mbio akinipongeza kwa kupata kazi mpya. Muuza matunda wa stendi akaniuliza bosi wangu huyu anakaa Capri Point kwa matajiri au wapi. Trafiki ananisimamisha, anapiga saluti kwa kiti cha nyuma, anakuta hakuna mtu, saluti inabaki hewani. "Mzee yuko wapi?" Ananiuliza mimi. "Unamfuata uwanja wa ndege?" Kanisani mzee wa zamu aliniambia niegeshe nje, ndani ni kwa wenye magari. Mwanzoni nilieleza. Halafu nikachoka, nikawa najibu tu, "Bosi anaendesha." Wengine wakacheka, wengine wakaondoka wakitikisa kichwa, na kuna mmoja alisema kwa sauti kwamba mama huyu anatumia gari la watu kwa mambo yake, ataachishwa kazi.

Kwenye kile kiti cha nyuma sikukaa. Nilikuwa nimejiapiza nitakikalia, lakini unakaaje nyuma ya gari lisilo na wa kuliendesha? Nilikifuta vumbi kila asubuhi, juu ya nailoni, kwa mazoea. Wakati mwingine nilijiona mjinga. Lakini sikuliuza, na mawe ya Buzuruga niliyakwepa moja moja kwa majina yake.

Ndipo likaja la binti wa kaka. Alikuwa amechumbiwa, na ilipangwa sendofu, sherehe ya kumuaga nyumbani, kwenye ukumbi uleule wa kando ya ziwa. Huyu binti nimemlea. Shule ya msingi alikuwa analala kwangu wiki nzima. Na kwa desturi yetu, siku hiyo shangazi ndiye mtu wa binti: anamvisha, anakaa naye kwenye gari, anaingia naye ukumbini, anakaa ubavuni kwake mbele za watu. Shangazi ni dada wa baba. Dada wa baba yake yuko mmoja tu chini ya jua.

Kaka akaja kwangu Buzuruga mwenyewe, kwa miguu kutoka barabarani, maana gari lake aliogopa kulipitisha kwenye mawe. Nikamkaribisha, akanywa chai, akalisifia gari langu kwa mara ya kwanza. Nikajua ana shida.

"Mdogo wangu, kamati imependekeza binti aletwe na gari lako."

"Si la kamati, ni la shangazi yake. Amepata."

"Na wewe ndiye uliendeshe. Gari kama lile huwezi kumpa mtu."

Nikaweka kikombe chini. "Na nani atakaa na mtoto nyuma?"

Akajikuna shingo. Akasema kuna mama mmoja, mke wa mkuu wake wa kazi, mtu mwenye muonekano, mzoefu wa kusimama mbele za watu. Amekubali kusimama kama shangazi kwa siku ile. Ni kwa ajili ya picha tu na kuheshimu ofisi. Nisilichukulie vibaya.

Jamani! Nilihisi damu imepanda mpaka masikioni. Nilimtazama kaka yangu, mtu mzima, baba wa watoto, amekaa kwenye kiti changu anakunywa chai yangu, anaomba gari langu ili amkodishie mtoto shangazi. Miaka yote ile niliyokaa kimya ikanitoka kwa mara moja.

"Kaka, siku ile ukumbini uliniona."

Hakuuliza siku gani.

"Uliniona, na ulinyamaza. Nikala jikoni. Sikukudai kitu. Leo nakuambia kwa mdomo wangu: gari lipo, liko hapo nje, limeoshwa. Dereva hayupo. Dereva alistaafu. Nyuma kushoto nakaa mimi, na mtoto anakaa ubavuni kwangu, na kama haiwezekani, mpandisheni bajaji."

"Usifike huko."

"Nimeshafika."

Aliondoka hajamaliza chai. Nililia, nisiseme uongo, nililia nikiosha vikombe. Niliogopa. Nilijua kaka akikaza shingo, mtoto atatoka nyumbani bila mimi, na mimi nitabaki na chuma changu kinachong'aa. Gari litakuwa langu na mtoto atakuwa wa mama mwenye muonekano.

Kesho yake binti akanipigia. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

"Baba kaniambia. Nimemjibu bila wewe sivai hata kiatu."

Wee mtoto! Nikamwambia asimjibu baba yake hivyo, huku moyo unacheza ngoma. Akaniuliza kama kweli hakuna mtu ninayeweza kumwamini na usukani. Nikafikiri. Nikamwambia yupo mmoja, nilimfundisha mwenyewe kuendesha, kwenye barabara ya vumbi, akiwa tayari ana digrii na hajui klachi ni nini. Binti akaanza kucheka. Alikwenda kumwomba mwenyewe. Sikujua alimwambia nini, ila baba gani anakataa kumpeleka binti yake kwa mkono wake siku ya kumuaga? Wifi akatangulia ukumbini kupokea wageni. Mke wa mkuu akapewa kiti kizuri mbele, kama mgeni, kama alivyo.

Siku yenyewe nikafungua mlango wa nyuma, nikaikamata ile nailoni, nikaichana yote. Kaka alikuwa amesimama na suti yake nyeusi. "Si ungeiacha, inalinda kiti." Nikamwambia kiti kimelindwa vya kutosha. Nikakaa, nyuma kushoto. Ngozi ilikuwa baridi, kisha ikapata joto. Binti akaingia upande wa pili na gauni lake, akanishika mkono, kaka akawasha gari.

Nilidhani nitafurahi kwa kiburi. Badala yake nilikuwa natazama kisogo cha kaka yangu. Nilikuwa sijui kwamba nywele zimemwisha kule nyuma. Sikio lake la kushoto ni la baba kabisa. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, vile nilivyomfundisha, na jasho linamtoka shingoni na kiyoyozi kinapuliza.

"Tuta hilo, kaka. Polepole."

"Nimeliona," akasema, akapunguza mwendo.

Tukafika. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, vigelegele vikaanza kabla hatujasimama. Jamaa wa mapokezi, si yule wa zamani, lakini wote wanafanana, akakimbilia mlango wangu akaufungua. "Shikamoo mama, karibu sana mama." Nikaitikia, nikashusha mguu mmoja chini. Kisha akainama kwenye dirisha la mbele, akagonga paa kwa kiganja, mara mbili, kama walivyokuwa wanagonga langu.

"Suka, zungusha gari nyuma. Chakula cha madereva kiko kule jikoni."

Kaka, mtu wa ofisi yenye zulia, mwenye shughuli yake, alibaki ameshika usukani. Akayainua macho kwenye kioo, akanitafuta.

Nayajua macho hayo. Ni yangu, ya siku ile. Nisiwafiche, nilikuwa nimeiota saa hii miaka na miaka, nimeila na kuilala. Ningeweza kutazama pembeni. Ningemshika binti mkono tukaenda zetu, kaka akala jikoni juu ya kreti, na nani angenilaumu? Binti alikuwa ananitazama. Kaka alikuwa ananitazama kwenye kioo na hakuomba.

Nikasimama wima, nikashika mlango.

"We kijana, huyu si dereva wangu. Huyu ni kaka yangu. Ni baba wa bibi harusi."

Nililisema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni kwenyewe, na nililisema polepole, neno kwa neno, maana nilitaka yeye kaka asikie linavyosemwa. Halichukui hata pumzi mbili. Yule jamaa akaomba radhi mpaka akajikwaa. Kaka akashuka, akajaribu kufunga vifungo vya koti, akashindwa, akarudia. Akaja akasimama mbele yangu, akageukia wale watu waliojaa mlangoni.

"Na huyu ni dada yangu," akasema. "Gari ni lake."

Nikamnyooshea mkono, akaweka ufunguo wangu kiganjani. Nikamshika binti upande mmoja, yeye akamshika upande mwingine, tukaelekea mlango wa mbele. Gari tuliliacha palepale, limeziba njia. Nyuma yetu mtu akaanza kupiga honi, akapiga tena, na mimi sikugeuka.